Makoa na wadudu bustanini: njia za asili zinazofanya kazi kweli, na zile tunazozirudia kwa mazoea

#1 – Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mtu anapouliza namna ya kuiokoa bustani yake isimalizwe na makoa na wadudu bila kutumia sumu za viwandani, hupewa orodha ndefu: majivu, maganda ya mayai, kahawa, chumvi, kitunguu saumu, pilipili, sabuni, mwarobaini, tumbaku. Vitu hivyo hutajwa kwa mkupuo mmoja kana kwamba vyote vina nguvu sawa na vyote ni salama, na ni nadra kutokea mchangiaji wa kuuliza kwanza ni kiumbe gani hasa anayekula mimea hiyo. Nimefungua uzi huu ili tuzichambue njia hizo kwa utulivu, kwa sababu baadhi zimepimwa zikaonekana zinafaa, baadhi zimepimwa zikaonekana hazifui dafu, na nyingine ni za asili kweli lakini zinaweza kumdhuru mtunza bustani kabla hazijamdhuru mdudu.

Jambo la kwanza ni kumtambua mlaji. Koa, yaani ndugu wa konokono asiyebeba gamba mgongoni, hakati jani kwa taya kama afanyavyo kiwavi, bali hulikwangua kwa ulimi wenye maelfu ya meno madogo yasiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana matundu yake hayana umbo maalumu, na asubuhi utakuta karibu yake michirizi ya ute uliokauka, inayong'aa ikipigwa na jua. Kiwavi hana ute huo, lakini huacha punje za kinyesi, za kijani au nyeusi, zikiwa zimenasa pale jani linapoungana na shina. Sota, yaani kiwavi wa nondo anayejificha udongoni mchana, hukata shina la mche usawa wa ardhi wakati wa usiku, kisha mche hukutwa umelala chini na majani yake mazima. Ukifukua udongo kwa kidole kuzunguka kisiki chake, mara nyingi utamkuta amejikunja hapo hapo. Vidukari na nzi weupe hawatoboi matundu kwenye jani, kwani kazi yao ni kufyonza utomvu, na dalili zao ni majani kujikunja, kunata na kugeuka manjano. Utitiri mwekundu, ambao kwa hakika si mdudu kwa kuwa una miguu 8 na ni jamaa wa buibui, huacha vidoa vidogo vya rangi hafifu juu ya jani na utando mwembamba chini yake, na hushamiri wakati wa joto na ukavu.

Mtu anayenyunyiza majivu dhidi ya makoa ilhali mlaji ni sota amepoteza majivu yake na mche wake. Kwa hiyo, kabla ya kuchanganya chochote kwenye ndoo, toka usiku na tochi, saa moja au mbili baada ya giza kuingia, uinue majani na kutazama upande wa chini. Ukaguzi huo mmoja una faida kuliko nusu ya dawa zinazotajwa mitandaoni.

Sasa tuje kwa makoa, maana ndio wanaosumbua watu zaidi. Sehemu kubwa ya mwili wa koa ni maji, na ngozi yake haina kitu cha kuyazuia yasipotee. Kila hatua anayopiga inamgharimu ute, na ute ni maji. Ukilielewa hilo, utaona kwamba silaha kubwa ya mtunza bustani ni namna anavyomwagilia, kabla ya unga au dawa yoyote. Anayemwagilia jioni anawaandalia makoa njia laini ya kupita usiku kucha, na anayemwagilia alfajiri huiacha ardhi ya juu ikauke kabla giza halijaingia. Vivyo hivyo, mbao zilizolazwa chini, vyungu vitupu, magugu mazito kandokando ya tuta na matandazo manene yanayogusa mashina ya miche ni makazi yao ya mchana. Sisemi matandazo yaondolewe, kwa sababu faida zake kwa udongo ni kubwa. Nasema yasogezwe mbali na shina la mche mpaka mche ukomae.

Makazi hayo hayo yanaweza kugeuzwa mtego. Laza kipande cha ubao au gunia lililoloweshwa kati ya matuta jioni, kisha ukigeuze asubuhi. Utawakuta wamejibanza chini yake, na hapo utawakusanya ukiwa umevaa glavu na kuwatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ukiwa unafukua, angalia pia mayai yao, ambayo ni vitufe vidogo vyenye rangi ya maziwa mepesi au visivyo na rangi, vikiwa vimekusanyika pamoja chini ya bonge la udongo. Mayai hayo yakianikwa juani hukauka. Kumbuka kwamba koa mmoja ana viungo vya kiume na vya kike kwa pamoja, hivyo kila mmoja unayemkosa anaweza kutaga.

Mtego wa bia nao ni wa kweli. Kinachowavuta ni harufu ya uchachu wa hamira, na mchanganyiko wa maji, sukari na hamira hufanya kazi ile ile kwa asiyependa kununua bia kwa ajili ya makoa. Hata hivyo, mtego huo huvuta wale wa karibu tu, unahitaji kubadilishwa mara kwa mara, na ukingo wa chombo unapaswa kubaki juu ya ardhi kwa takriban sentimita 2, la sivyo mbawakawa wa ardhini, ambao wenyewe hula makoa na mayai yao, watatumbukia humo.

Kuhusu vizuizi vinavyowekwa kuzunguka mmea, hapa ndipo mazoea yametawala. Mwaka 2018 chama kikubwa cha watunza bustani cha Uingereza kijulikanacho kama RHS kilitangaza matokeo ya jaribio lake juu ya utepe wa shaba, kokoto ndogo, maganda ya msonobari, vidonge vya sufu ya kondoo na maganda ya mayai. Letusi zilizozungushiwa vitu hivyo, kwenye vyungu na kwenye matuta yaliyoinuliwa, ziliharibiwa kwa kiasi kile kile na zile zilizoachwa wazi. Atakayemtazama koa kwa karibu hatashangaa, kwa sababu akifika kwenye vipande vya ganda la yai huongeza ute chini ya mwili wake na kuteleza juu yake bila kukwaruzika. Majivu na unga wa diatomu, yaani unga wa mabaki ya mwani mdogo mno, vina nguvu kidogo vikiwa vikavu, ila usiku wa mvua, ambao ndio usiku wa makoa, hugeuka tope lisilo na maana. Tena majivu mengi huongeza magadi kwenye udongo.

Chumvi humuua koa, hilo halina ubishi. Huua pia mimea, na hubaki kwenye udongo. Isitumike bustanini.

Zipo njia mbili nyingine ambazo ni za asili na zina ushahidi mzuri. Ya kwanza ni minyoo midogo mno iitwayo Phasmarhabditis hermaphrodita, ambayo huchanganywa na maji na kumwagiwa udongo wenye unyevu, kisha humwingia koa na kumwua kwa bakteria inaowabeba. Imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1994, ingawa si kila nchi imeruhusu kuiingiza. Ya pili ni chembe za fosfati ya chuma, ambazo koa akizila huacha kula na kwenda kufia mafichoni. Chembe hizo zimechukua nafasi ya metaldehaidi, sumu ya viwandani ya kuulia makoa, katika bustani nyingi, na Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya metaldehaidi nje ya majengo kuanzia mwisho wa Machi 2022 kwa sababu ya madhara yake kwa ndege na wanyama.

Tahadhari moja ya afya: makoa na konokono katika sehemu nyingi za joto duniani hubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambao akimwingia binadamu anaweza kusababisha ugonjwa wa utando wa ubongo. Usiwashike kwa mikono mitupu, na majani yanayoliwa mabichi yaoshwe moja moja kwa maji yanayotiririka, kwa sababu koa mdogo hujificha vizuri sana katikati ya letusi.

Nimeanza na makoa kwa urefu. Wadudu nitawagusa kadiri mjadala utakavyokwenda. Karibuni.

#2 – Majani Mabichi

Mkuu, ahsante kwa uzi wenye maelezo. Ninakubaliana nawe kuhusu maganda ya mayai, lakini nina mashaka na jinsi ulivyoiacha kahawa bila kuijadili. Nimesoma mara nyingi kwamba masimbi ya kahawa huwafukuza makoa, na wapo wanaosema kahawa huwaua kabisa. Je, hilo nalo ni mazoea tu?

#3 – Mleta mada

Swali zuri, na jibu lake liko katikati. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Hawaii, wakiongozwa na Robert Hollingsworth, walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba maji yenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2 huwaua karibu makoa wote yanaowapata, na kwamba kiwango kidogo zaidi hupunguza hamu yao ya kula. Kwa hiyo kafeini ni sumu kwa koa. Tatizo ni kwamba kikombe cha kahawa ya kawaida hakifikii hata asilimia 0.1 ya kafeini, na masimbi yanayobaki baada ya kahawa kuchujwa yana kafeini kidogo zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa imeshakwenda na kinywaji. Kuna tofauti kubwa kati ya kafeini ya maabara na masimbi ya jikoni, na habari hiyo ilipokuwa ikisambaa tofauti hiyo ilidondoka njiani. Masimbi yatupe kwenye mboji, yatafanya kazi nzuri huko.

#4 – Jembe Butu

Mimi nina swali kuhusu vidukari. Nimewapiga kwa maji ya sabuni, wakapungua, kisha wakarudi wengi kuliko mwanzo. Mimea yenyewe imenawiri vizuri, ina majani mapana ya kijani kilichokolea, kwa hiyo si suala la udhaifu. Pia sisimizi wamejaa kwenye mashina, sijui kama wanakula vidukari au vipi.

#5 – Mleta mada

Ndugu Jembe Butu, maelezo yako yana majibu mawili ndani yake.

La kwanza ni hao sisimizi. Hawali vidukari, wanawalinda. Kidukari hufyonza utomvu mwingi kuliko sukari anayoihitaji, na ziada huitoa kama matone matamu yanayonata. Sisimizi huyanywa matone hayo na, ili wasipoteze chanzo chao, huwafukuza wadudu wanaotaka kuwala vidukari. Ndiyo maana ukiwaona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, tazama juu, kwani mara nyingi utakuta vidukari au wadudu gamba. Kwa miti na vichaka, funga utepe wenye gundi isiyokauka kuzunguka shina, juu ya karatasi na si moja kwa moja kwenye gome, ili sisimizi wasipande. Kwa mimea midogo, itabidi kuvuruga kiota chao kwa maji mara kwa mara mpaka wahame.

La pili ni hiyo rangi ya kijani iliyokolea. Mmea uliolishwa naitrojeni nyingi hutoa machipukizi laini yenye utomvu uliojaa protini, na vidukari huzaana kwa kasi juu yake. Jike wa kidukari kwa sehemu kubwa ya mwaka hahitaji dume. Huzaa watoto hai ambao nao, kukiwa na joto la kutosha, huanza kuzaa baada ya takriban wiki moja. Hivyo ukiua tisa kwa kumi na ukaendelea kurutubisha vile vile, hesabu itarudi ilipokuwa kabla hujasafisha bomba lako la kunyunyizia. Punguza mbolea ya naitrojeni ya haraka, pamoja na samadi mbichi, na utumie mboji iliyoiva.

Kuhusu sabuni yenyewe, inafanya kazi, ila watu wengi hawajui inavyofanya. Haibaki kwenye jani kama sumu. Humwua mdudu pale tu inapomgusa ikiwa bado majimaji, kwa kuharibu ngozi yake laini, na ikikauka haina nguvu tena. Kwa hiyo lazima upige upande wa chini wa majani, ambako ndiko wanakoishi, na urudie baada ya siku chache kwa ajili ya wale uliowakosa. Sabuni ya maji isiyo na harufu wala dawa ya kuua vijidudu, mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, inatosha. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani. Jaribu kwanza kwenye majani machache, usubiri siku moja au mbili, na upige jioni badala ya jua kali. Mara nyingi hata sabuni haihitajiki, kwa sababu maji matupu yenye nguvu kutoka kwenye mpira huwang'oa vidukari, na wengi wao hawana uwezo wa kurudi juu ya mmea.

Kabla ya kupiga chochote, hata hivyo, tazama kundi la vidukari kwa makini. Ukiona baadhi yao wamevimba, wameganda mahali pamoja na wamegeuka rangi ya kahawia isiyokolea, ngozi yao ikiwa kavu na wengine wakiwa na tundu la mviringo mgongoni, ujue kuna nyigu wadogo sana, wadogo kuliko punje ya mtama, ambao hutaga yai moja ndani ya kila kidukari. Mtoto wa nyigu humla kidukari kwa ndani, hukomaa humo, kisha hukata kile kifuniko cha mviringo na kutoka. Kundi lenye vidukari wa namna hiyo tayari limeshapata mwindaji wake, na ukilipiga dawa utawaua nyigu walio karibu kutoka. Mtu mwenye subira huliacha.

#6 – Mtunza Kitalu

Naomba kuchangia kuhusu mwarobaini, kwa kuwa nimeona watu wakichemsha majani, wakinyunyiza mara moja, kisha wakitangaza kwamba haufanyi kazi. Kiini kinachofanya kazi, yaani azadirakitini, kimo kwa wingi kwenye mbegu kuliko kwenye majani, na joto kali hukiharibu, kwa hiyo kuchemsha ni kujipunja. Kinachofaa ni kokwa za mbegu zilizokauka vizuri kivulini, zisizo na ukungu, zikatwangwa na kulowekwa kwenye maji usiku mzima kwa kiwango cha gramu 50 kwa lita moja. Asubuhi maji hayo huchujwa kwa kitambaa, huongezewa sabuni kidogo ili yashike kwenye majani, na hutumika siku hiyo hiyo jioni.

Pili, mwarobaini hauangushi wadudu chini papo hapo. Humfanya mdudu apoteze hamu ya kula na huvuruga ukuaji wake, hivyo kiwavi mdogo hushindwa kujivua ngozi na kufikia hatua inayofuata. Anayetegemea kuona mizoga asubuhi atakata tamaa bure. Jua nalo huumaliza ndani ya siku chache, kwa hiyo hurudiwa takriban kila wiki, na tena baada ya mvua. Kwa mdudu aliyekomaa na mwenye ngozi ngumu, msaada wake ni mdogo.

#7 – Majani Mabichi

Hapo nimejifunza. Sasa naomba tuzungumzie zile dawa nyingine za mimea, hasa tumbaku na utupa. Hizi zimetumika tangu zamani na zinaua wadudu kwa haraka. Kwa nini mleta mada anasema kwamba baadhi ya vitu vya asili ni vya hatari?

#8 – Mleta mada

Kwa sababu nikotini ya tumbaku ni miongoni mwa sumu kali zinazotengenezwa na mimea, na hupenya kwenye ngozi ya binadamu. Mtu anayeloweka tumbaku kwenye ndoo, akaikamua kwa mikono, kisha akainyunyiza kwenye mboga zinazovunwa kesho yake, anajiwekea hatari ambayo huenda asingekubali kuiweka kama chupa ingekuwa na lebo yenye alama ya fuvu. Zaidi ya hayo, tumbaku inaweza kubeba virusi vya batobato vinavyoshambulia pia nyanya na pilipili, ambazo ni jamaa zake, na virusi hivyo vinastahimili kukaushwa. Utupa nao una rotenoni, ile ile iliyofanya mmea huo utumike kuvulia samaki; maji yake yakiingia kwenye kisima au bwawa, samaki hufa, na katika majaribio ya wanyama rotenoni imesababisha dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson. Kwangu mimi, vyote viwili havina nafasi kwenye bustani ya mboga.

Pareto ni suala jingine. Huangusha wadudu kwa haraka, na mwanga wa jua huivunja upesi, hivyo haikai sana kwenye zao. Lakini haichagui: huua nyuki, huua nyigu wale tuliowasema, huua wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi ambao hula vidukari, na ni hatari kwa samaki. Nikiitumia kabisa, huwa ni jioni baada ya nyuki kurudi kwenye mzinga, mahali palipozidiwa tu, wala si bustani nzima.

Pilipili na kitunguu saumu nitavipitia haraka. Vinaweza kuwafanya wadudu wasite kwa muda, hasa vikiwa vipya, na havidhuru sana isipokuwa macho ya anayenyunyiza. Vitumike na anayependa, mradi asivitegemee peke yake.

#9 – Jembe Butu

Na vipi kuhusu kuleta wadudu walaji kutoka nje, au kupanda mimea inayofukuza wadudu? Kuna watu wanaosema ukipanda aina fulani ya maua kila mahali, wadudu hawakanyagi.

#10 – Mtunza Kitalu

Maua hayafukuzi kama inavyodaiwa, ila yana kazi. Yale ya jamii ya Tagetes, yanayoitwa marigold kwa Kiingereza, yakipandwa kwa wingi na kuachwa kwa msimu mzima hupunguza minyoo fundo, ile midogo inayovimbisha mizizi, kwenye udongo, kwa sababu mizizi yake ina kemikali inayoiua. Mche mmoja mmoja pembeni ya nyanya hautoshi. Giligilani ikiachwa itoe maua, vivyo hivyo shamari, hulisha nzi wanaofanana na nyuki na nyigu wadogo, ambao wakiwa wakubwa huishi kwa nekta na watoto wao hula vidukari au viwavi. Haradali ikipandwa ukingoni kabla ya kabichi huwavuta baadhi ya nondo wakatage huko, lakini haradali hiyo lazima ikaguliwe na kung'olewa wakati viwavi bado wamo, vinginevyo unakuwa umewafugia kizazi kipya.

#11 – Mleta mada

Naongezea kwenye suala la kuleta walaji kutoka mbali. Mfano mzuri upo: miaka ya 1888 na 1889, mbawakawa wadogo waitwao Rodolia cardinalis walipelekwa California kutoka Australia, na wakawadhibiti wadudu gamba waliokuwa wakiangamiza michungwa na malimau. Walifanikiwa kwa sababu hula karibu aina hiyo tu. Mfano mbaya nao upo: mwaka 1955 konokono mla-konokono aitwaye Euglandina rosea, ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, alipelekwa Hawaii ili amle konokono mkubwa wa Afrika, na mwaka 1977 akapelekwa kisiwa cha Moorea kwa kazi hiyo hiyo. Badala yake aliwamaliza konokono wadogo wa asili wa visiwa hivyo, wengine wakatoweka kabisa porini. Tofauti ya mifano hii miwili ni uchaguzi wa chakula, na uamuzi wa namna hiyo ni wa taasisi za utafiti na karantini, haumhusu mtu mmoja na boksi lake.

Kwa mtunza bustani, walaji waliopo tayari wanatosha kama hawauawi. Chura, buibui, vunjajungu, mijusi na mbawakawa wa ardhini wanahitaji maji kidogo, mawe machache na kona isiyolimwa kila wiki. Bata ni hodari kwa makoa na konokono, ila waingie bustanini kabla ya kupanda au baada ya kuvuna, maana hawabagui kati ya koa na mche wa letusi.

#12 – Majani Mabichi

Swali langu la mwisho ni la vitendo. Kabichi zangu changa zina matundu na ndani ya moyo wake kuna viwavi wadogo wa kijani. Mwarobaini ninaweza kuupata kwa shida. Nifanye nini sasa, na msimu ujao nianze vipi?

#13 – Mleta mada

Mkuu, kwa sasa anza na mikono. Kagua upande wa chini wa majani, ponda mafungu ya mayai, na uwaokote viwavi unaowaona, hasa wale walioingia kwenye moyo, kwa sababu hao wakiachwa kabichi haitafunga.

Kwa wanaobaki, tafuta dawa yenye bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis. Bakteria hiyo iligunduliwa Japani mwaka 1901 na Shigetane Ishiwata, aliyekuwa akichunguza vifo vya viwavi wa hariri, na ikapewa jina na Mjerumani Ernst Berliner aliyeikuta kwa nondo wa unga katika jimbo la Thuringia. Kiwavi lazima aile ndipo imdhuru: protini yake huharibu utumbo wake wenye magadi, naye huacha kula ndani ya muda mfupi ingawa anaweza kubaki hai kwa siku kadhaa, kwa hiyo usirudie kunyunyiza kwa sababu tu umemwona bado yupo. Haimdhuru nyuki wala nyigu. Kwenye lebo hakikisha ni aina ya kurstaki au aizawai, kwa kuwa aina ya israelensis ni ya viluwiluwi vya mbu na haitakusaidia kwenye kabichi. Ipige jioni, viwavi wakiwa bado wadogo, ukilowesha pande zote mbili za jani.

Msimu ujao, badilisha mahali: kabichi, sukuma wiki, haradali na figili ni ukoo mmoja, na visirudie tuta lile lile mfululizo. Funika miche kwa neti yenye matundu madogo siku ile ile unayoihamisha, na si baada ya kuona nondo, kwa sababu ukichelewa utakuwa umewafungia ndani pamoja na chakula chao. Kingo za neti zifukiwe kwenye udongo pande zote, na neti isigusane na majani, maana vipepeo wengine hutaga kupitia matundu yake. Kabichi haihitaji wachavushaji, hivyo neti inaweza kukaa mpaka kuvuna. Kwenye maboga na matango iondolewe maua ya kike yanapofunguka. Kama eneo lako lina sota, zungushia kila shina pete ya karatasi ngumu, sentimita chache ndani ya udongo na sentimita chache juu yake, kabla hujafunika neti.